Mgeni Tusiyemuuliza Jina

Ijumaa ya mwanzo ya Mfunguo Mosi nilifiwa na mume wangu, hapa Ole, Pemba. Tulikuwa wawili tu, Mungu hakutujaalia watoto. Simu yake ilikuwa ya vitufe, haina picha wala sauti ya mtu ndani yake. Nikiwa katika eda niligundua jambo lililonitisha: sura yake ninayo, lakini sauti yake inanitoka. Nilijaribu kumsikia akiniita, nisisikie kitu.

Ndipo nilipomkumbuka yule mgeni.

Alikuja miaka ya nyuma, msichana wa chuo kutoka bara, akiuliza habari za mikarafuu inayokufa ghafla. Alikaa barazani kwetu tangu asubuhi mpaka jua likapinda, kinasa sauti kiko mkekani, mume wangu anazungumza. Hakuwa msemaji mume wangu. Siku ile alisema. Mgeni alipoondoka tulimfungia muhogo na nazi, naye akaahidi kuwa maneno yale yataandikwa.

Eda ilipokwisha nikamwendea jirani yangu, mwalimu wa skuli. Akaniambia kazi za watu kama wale hutoka katika majarida ya wasomi, na maktaba ya chuo kule Chake huweza kuzitafuta. Nikaenda, nikitumai maneno yake yatanirudishia sauti.

Nilivua viatu mlangoni. Mkutubi, mwanamke mdogo kwangu, akatabasamu.

"Shikamoo, Bi. Vaa tu viatu, hapa si msikitini."

"Marahaba, mwanangu. Mbona zulia lenu safi hivi?"

"Safi kwa kuwa watu hawaji."

Nikamweleza shida yangu. Akaniuliza jina la mwandishi, nami nikamtajia la mume wangu. Akaliandika kwenye kompyuta, hakikutoka kitu.

"Aliandika mwenyewe?"

"Hakuandika. Alisema."

"Basi nitajie aliyeandika. Huyo mgeni akiitwa nani?"

Nikamwambia silijui. Kwetu mgeni haulizwi jina. Hupewa maji na pa kukaa, na akipenda atalitaja mwenyewe. Huenda alilitaja alipobisha hodi, mimi niko jikoni, na baadaye nikaona haya kuuliza. Kutwa nzima tulimwita mwanetu.

"Weye Bi! Mtu mumemlisha, mumemfungia na nazi, jina hamulijui?"

"Alikuwa mwanetu. Mwana huulizwa jina?"

Akacheka, kisha aliponitazama usoni akaacha. "Haya, tutaingia kwa mlango wa uani. Alikuja kutafuta nini?"

Nikamwambia: mikarafuu, Pemba, kufa ghafla. Akayaandika kwa Kiingereza. Makala zikatoka tele, nyingi za udongo na wadudu. Akawa anazipita moja moja, mimi nimesimama nyuma ya kiti chake kama ninayesubiri zamu ya kisima. Moja ilitaja wakulima wa Ole. Ulifunguka muhtasari tu. Kwingine kulifungwa, kwa sababu chuo hakikuwa kikilipia jarida lile.

"Nitaiomba kwa wenzetu wa Unguja. Rudi wiki ijayo."

Wiki ile nilichambua karafuu peke yangu. Kazi ile mikono ya mtu mmoja inatosha. Wa pili ni wa mazungumzo.

Niliporudi, makala ilikuwa imekwishafika. Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili, hivyo alinivutia kiti, akawa anasoma na kunifasiria. Jina la mume wangu halikuwamo. Walimwita mkulima mmoja wa makamo.

"Huficha majina, Bi. Ndiyo kanuni yao."

Nilimtambua hata hivyo. Alisema mkarafuu hauugui, huaga tu. Lakini aliyasema kwa Kipemba, yakavushwa kwenye Kiingereza, na sasa yanarudi kwa Kiswahili cha ofisini, kwa mdomo wa mwanamke nisiyemjua. Sikumsikia. Nikashukuru, nikaokota mkoba wangu.

"Ngoja, Bi. Hapa pana mke."

Akasoma polepole. Mke wa mkulima alisema kutoka jikoni: Mwongo huyo, miti ile niliiona mie mwanzo. Mkulima akacheka sana, kisha akasema: Kweli, yeye ndiye aliyeniita nikaitazame.

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema vile. Na hapo nikamsikia. Maneno hapana, nilisikia kicheko, kile chake kilichoanzia puani kama mtu anayezuia chafya, kikakwama, kisha kikatoka chote.

"Nisomee tena hapo."

Akasoma. Nikamwomba tena, akasoma tena, wala hakuniuliza kwa nini. Adhana ya alasiri ilipoingia, akanichapia ukurasa ule mmoja, akafunga madirisha, tukatoka pamoja. Pale mlangoni nikamuuliza jina lake, akanitajia.