Taa ya Shaba Iliyoning'inia Chini Mno

Ndimu na majivu. Nikisikia harufu hiyo hata leo, viganja vyangu huanza kuwasha, kwa maana nilikuwa na miaka minane Bibi aliponiketisha uani kwetu Likoni asubuhi nzima nikisugua taa ya shaba. Ilikuwa taa ya kutundika darini, yenye mnyororo mrefu na tungi la mafuta la kioo cha buluu. Alikuja nayo alipoolewa, kisha ikalala kashani miaka mingi kwa sababu sisi tulitosheka na kandili. Siku ile ilitolewa kwa ajili ya Shangazi Zuhura, dada yake Baba. Alasiri wazee kutoka kisiwani walikuwa wanakuja kumposa, na haikuwa posa ya kuchezea. Watu wa posa mbili walikwisha kuja kabla yao, wakanywa kahawa yetu, wakaondoka, kimya mpaka leo. Bibi alikuwa ametamka wazi kwamba na hawa wakipotea, Shangazi ataozwa mzee mmoja wa Mtongwe aliyefiwa na mkewe akaachiwa watoto watano. Shangazi aliendelea kukuna nazi tu. Lakini mimi nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja, nami nilijua kwamba kila jioni karani wa bandarini, yule aliyewatuma wazee hawa, alipopita kwenda kivukoni, Shangazi alisogea dirishani kutafuta sindano ambayo haikupotea.

Jirani yetu Mama Esta, mtu wa bara mwenye moyo safi, alituletea karabai yake. Bibi aliiwasha ukumbini, akaitazama inavyovuma, akaizima. "Ahsante, mwanangu, lakini hii yaumbua watu," akasema. "Kila ufa wa ukuta waonekana, na uso wa mtu huwa kama kaamka homani." Kwa Bibi, taa ya ukumbi ilikuwa na kazi moja, nayo ni kumpendezesha mtu aliyeketi na chakula kilicho mbele yake. Kwa hiyo yeye mwenyewe aliketi kitako mkekani, mahali litakapowekwa sinia, akaanza kumwamuru Baba aliyekuwa juu ya kigoda akifunga mnyororo kwenye boriti. "Shusha, Athumani. Shusha tena. Bado kidogo." Alishusha mpaka mwanga ukajaa siniani na shaba ikang'aa mbele ya macho yetu. Wallahi ilipendeza. Hakuna aliyefikiria kusimama. Kwetu kila kitu cha ukumbi kilipimwa kwa jicho la aliyeketi, maana ndivyo mgeni atakavyokiona. Isitoshe, nyumba nzima tulikuwa wafupi, Baba naye akiwemo, tukapita chini ya taa ile tangu adhuhuri bila kuguswa hata ukaya wa kichwani.

Wageni walikuja wanne, wakaketi wakizunguka sinia, wakala halwa, wakasifu kahawa. Karibu na magharibi Baba aliiwasha taa, na mazungumzo yalikuwa matamu hata Bibi, aliyekuwa nasi nyuma ya pazia, akaanza kutabasamu. Ndipo adhana ikasikika. Ami yake karani, mzee mrefu kuliko mlango wetu, akainuka aende msikitini, na kichwa chake kikaipiga taa kwa chini. Kofia ikaruka, mafuta yakamwagikia kanzu yake nyeupe, kulabu ya mnyororo ikaanza kuchomoka kwenye boriti. Bibi alijifunika uso kwa leso. Mimi nililia, nikijua tumekwisha. Shangazi, ambaye hakupaswa kuonekana hata ukucha, alitoka mbio kichwa wazi akaikamata taa kwa mikono miwili, kwenye kioo chenyewe cha moto.

"Iwache, mwanangu, utaungua," mzee akasema.

"Nikiiwacha itakuangukia, ami. Keti kwanza."

Mzee wa watu akaketi. Baba akapanda kigoda, akaiteremsha. Mzee alivitazama viganja vya Shangazi vilivyokuwa vinatoka malengelenge, akaokota kofia yake. "Mtafutieni dawa," akamwambia Baba. "Ijumaa tutarudi, inshallah." Wakarudi kweli, na mwezi huohuo Shangazi akaolewa na karani wake.

Juzi mkwe wangu wa Kiembeni alinionyesha kwenye simu picha za taa za kutundika, mpya kabisa lakini zimetengenezwa zifanane na za kale, akitaka nimchagulie moja ya sebuleni. Nilimchagulia, nikamwambia asimamishe mtu mrefu kabla hajatoboa dari. Alicheka, ana haki. Vijana wa leo huwaleta nyumbani wachumba wao wenyewe, wakatuambia huyu ndiye, nasi tukatandika. Nawaonea raha, sitaki kudanganya. Nikaenda kumsimulia Shangazi, ambaye sasa ni mjane na macho yake ni hafifu. Nikamsifu kwa mara ya mia jinsi alivyomwokoa yule mzee asiangukiwe.

"Mzee gani?" akaniambia. "Mimi niliona mume wangu anatoka mlangoni pamoja na posa yake."