Namba Kumi na Moja, Safu ya Kati

Picha iliingia kwenye simu ya Nesi Auleria Jumatatu saa mbili asubuhi, akiwa kwenye kliniki ya watoto pale zahanati, Nyakahura, mtoto wa watu ananing'inia kwenye mzani. Aliitazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye kilo. Mara kilo zikamtoka kichwani. Ilibidi mama wa mtoto amkumbushe kwamba mwanawe bado yuko juu na analia.

Ilikuwa picha ya kwaya ya shule, Kanazi, mwaka 1984. Nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Wasichana kumi na tisa katika safu tatu, miguu peku, wamekaza nyuso kama watu wanaosubiri sindano, maana mpiga picha alipita mara moja kwa mwaka na hakuna aliyetaka kuonekana ndiye aliyeharibu. Juu ya kila kichwa palikuwa na namba nyekundu.

Namba ziliwekwa na Mwalimu Marcel, mstaafu, mwenye kundi la WhatsApp la picha za kale za Kanazi. Shule inatimiza miaka hamsini, na mzee ameapa kwamba siku ya jubilei ukuta wa ofisi utajaa picha kubwa, kila sura na jina lake chini. Watu mia mbili na ushee wamo humo, kuanzia wakulima hadi watu wa mjini, na Nesi Auleria naye yumo, msomaji tu. Lakini Marcel hapokei jina kizembe. Ukimletea moja anakuuliza nani mwingine anajua, na mpaka wapatikane wawili, jina halipiti. Alikuwa mgumu hivyohivyo alipofundisha hesabu.

Safu ya kati, namba kumi na moja, alisimama msichana mwembamba mwenye kovu la kuungua kutoka sikioni hadi kidevuni. Kovu lile Nesi Auleria analo mpaka leo. Ila mwaka ule, msichana mwenye kovu aliitwa Priscila.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi, kwa sababu watu wa umri ule wote wanalijua na wote wananyamaza. Zama zile darasa zima lingeweza kufanya mtihani wa darasa la saba wakachaguliwa wawili, au mmoja, au asipatikane hata wa dawa. Mzazi mjanja alitafuta jina la mtoto aliyeacha shule, akamrudisha wake mtihanini kwa jina hilo. Priscila, binti Pancras, hakuchaguliwa. Mwaka huohuo, msichana wa darasa la sita aitwaye Auleria alifiwa na mama yake, akabaki nyumbani kulea wadogo zake wanne. Mzee Pancras akabeba galoni la pombe ya ndizi hadi kwa mwalimu mkuu, na galoni liliporudi tupu, mkononi alikuwa na barua ya uhamisho: Auleria anahamia shule moja ya Nyakahura. Priscila akamfuata baba yake na sanduku kichwani, njia nzima akijifunza kuitika jina jipya.

Alifaulu. Akasoma sekondari, akasoma uuguzi. Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi, alikonda mwezi mzima, na vyake vikaonekana safi, kwa kuwa kila mtihani aliufanya kwa mkono wake mwenyewe. Vyeti vilikuwa halali kabisa. Mwenye jina tu ndiye alikuwa mwingine. Miaka thelathini ya kazi, nusu ya watoto wa kata ile wamepita mikononi mwake, na mpaka leo akiitwa kwa ghafla moyo unaruka kabla ya mdomo kuitika. Sasa kumi na moja akipata jina lake, kazi imekwenda, na pengine mahakama inamsubiri.

Majina yakaanza kuja. Jumatatu jioni safu ya nyuma ilikuwa imekwisha. Jumanne wakaingia safu ya kati, namba saba, namba nane. Kila simu ilipolia Nesi Auleria aliacha alichokishika akaitazama. Alijaribu kuizima; akaona kutojua ni kubaya zaidi, akaiwasha.

Jumatano Derick, mganga mfawidhi wa zahanati, alimkuta anapanga dawa. Ni kijana mwenye adabu na mdomo mwepesi, na kwa bahati mbaya ni mzaliwa wa Kanazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari."

"Hebu mwone huyu kumi na moja. Kama si wewe, basi ni pacha wako mliyepotezana naye njiani." Akacheka.

"Sura hufanana," alisema, na vidonge vikamwagika juu ya meza.

"Sura sawa. Na kovu nalo?"

"Nyumba zote zilikuwa na moto, daktari. Watoto waliungua."

Derick akacheka tena na kwenda zake. Lakini mlangoni aligeuka akamtazama mara ya pili, bila kucheka. Jioni ile mtu mmoja anayeitwa Jeremia akaandika kwenye kundi: "11 ni Priscila wa mzee Pancras. Kovu nalijua, aliangukiwa na chungu cha uji." Marcel akajibu upesi: "Asante. Mmoja tayari. Nani mwingine anajua?"

Nesi Auleria hakula. Alihesabu kichwani wote waliokuwa kwenye kwaya ile na bado wako hai, na hesabu yake ikawa inarudi kwa mtu mmoja. Mwenye jina. Yuko Kanazi, anaitwa Mama Francisca, analima maharage na migomba. Wamewahi kukutana misibani mara tatu au nne, wakasalimiana, kila mmoja akatazama pembeni. Mama yule akilithibitisha jina la Priscila, hakuna kitakachobaki. Alhamisi akaomba ruhusa, akaenda kumwomba.

Njia nzima alipanga maneno. Alipofika uani, maneno yote yakapotea. Mama Francisca alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua maharage, mwembamba, mikono imekakamaa kwa jembe.

"Karibu, Nesi," alisema kwa Kihangaza, lugha ya kwao, bila kushangaa. "Nilijua utakuja. Kaa."

Akakaa.

"Mwenzangu, nimekuja..."

"Mwalimu Marcel amepita asubuhi na simu yake. Akaniuliza kumi na moja ni nani. Nikamwambia ni mimi."

"Wewe?"

"Si ni Auleria? Nikamwambia ni Auleria, ni mimi mwenyewe, Jeremia amechanganya. Akaniuliza kovu liko wapi. Nikamwambia lilipona, mtoto hupona. Akaandika. Hata shahidi wa pili hakudai; nani atabishana na mtu juu ya sura yake? Na kule kwenu wakiona kovu na jina Auleria, roho zitatulia."

Nesi Auleria alifunika uso kwa kanga. Alitaka kushukuru. Badala yake aliuliza kitu kingine kabisa: "Na kumi na mbili?" Kwa sababu kumi na mbili, yule mfupi aliyemshika mkono kwenye picha, ndiye Auleria wa kweli.

"Nikasema simjui. Mtoto wa wapita njia." Mama Francisca alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Francisca alikuwepo. Akaishika simu akaitazama sana ile kumi na moja. Akaniambia, mama, mbona hufanani? Na mimi sijawahi kupigwa picha nyingine ya shule, ile ndiyo pekee. Nikamwambia uzee hubadilisha watu."

Kuku wakapita mbele yao. Nesi Auleria akasema lile alilojiambia kwa miaka arobaini: "Baba aliniambia wewe ulikuwa umeshaacha shule. Kwamba jina lilikuwa halina kazi tena."

"Niliacha mwaka mmoja," alisema Mama Francisca. "Shangazi alikuja kutulelea wale watoto, mimi nikarudi. Nilifua sketi nikaenda. Mwalimu mkuu akafungua daftari lake akaniambia, Auleria hayupo hapa, amehama, anasoma Nyakahura. Nikamwambia Auleria ni mimi. Akaniambia nisimsumbue, nirudi nyumbani. Nikarudi."

Haya Nesi Auleria hakuyajua. Pancras hakuwahi kuyasema, na sasa Pancras yuko kaburini. Hofu ya siku nne ilikuwa bado kifuani, lakini kitu kingine kiliingia na kuketi juu yake, kizito zaidi. Aliona aibu. Aibu mbichi, ya kumfanya mtu mzima atamani ardhi ipasuke.

"Kwa nini basi umenificha?"

"Ufukuzwe, mimi nipate nini? Nirudishwe darasa la saba?" Kwa mara ya kwanza alicheka, kidogo. "Wakati mwingine naletewa habari, Nesi Auleria kamwokoa fulani, Nesi Auleria kazalisha mapacha. Najisemea, haya, angalau jina limesoma."

Simu ikalia mkononi. Marcel alikuwa amebandika orodha kamili, tayari kwa kuchapwa. Nesi Auleria akashuka nayo kwa kidole. Kumi na moja: Auleria. Kumi na mbili: Hajulikani.

Angeweza kuifunga simu, anywe chai, arudi Nyakahura akiwa salama mpaka siku ya kustaafu. Aliutaka usalama ule. Akaitazama mikono ya mwenzake kwenye ungo. Kisha akaandika, akakosea, akafuta, akaandika tena: "Mwalimu, usichape. 12 ndiye Auleria. 11 ni Priscila binti Pancras." Akabonyeza kile kimshale cha kutuma.

"Unaandika nini?" aliuliza Mama Francisca.

Akamsomea. Mama Francisca akaacha kuchambua.

"Futa," akasema. "Wewe mwanamke, futa upesi kabla hawajaona."

Walikuwa wameshaona. Kumi, ishirini, arobaini, orodha ya waliosoma ikirefuka. Halafu simu ikaita. Derick. Iliita mpaka ikakatika, ikaanza tena. Hofu haikuwa imepungua hata chembe. Akapokea.

"Haloo, Nesi Auleria?"

"Hapana, daktari," alisema. "Auleria nimekaa naye hapa kwake. Unaongea na Priscila."