Mwezi Mwandamo wa Bi Zuhura

Kiangazi cha Kibondo kina harufu ya majani makavu yanayoungua. Wakulima husafisha mashamba kwa moto, moshi ukatanda mabondeni, na jua likikaribia kuzama huwa jekundu kama nyama ya papai. Mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi niliuchukia sana moshi ule, kwa sababu mimi na jirani yetu Bi Zuhura tulikuwa tunautafuta mwezi.

Bi Zuhura alikuwa mjane, mzaliwa wa Tanga, mwenye duka la kanga na viungo. Marehemu mumewe alikuwa na desturi ya kusimama uani jioni ya mwezi mwandamo, na akishauona humwita mkewe aje wautazame pamoja. Alipofariki, macho ya Bi Zuhura nayo yalikuwa yameanza kufifia, ikambidi aamini tu aliyoambiwa na watu. Mwanawe aliyebaki Tanga akamtumia darubini kwa basi. Bi Zuhura akaniita nimsaidie. "Wewe Odeta una macho ya kipanga," aliniambia, nami nikavimba kichwa.

Sikujua kwamba darubini inaweza kumuudhi mtu kiasi kile. Miguu yake mitatu ilitetemeka kila lori lilipopita barabarani. Pumzi zetu zilitia ukungu kwenye kioo. Ukisogeza bomba kushoto, picha inakimbia kulia, na kila kitu kimesimama kichwa chini. Nilitumia jioni nzima kulikamata bati la paa la kanisa. Lakini la kuudhi kuliko yote ni kwamba mwezi mchanga hauna subira. Unachungulia kidogo baada ya jua kuzama, kisha unalifuata. Wa kesho yake ni rahisi kuuona, ila Bi Zuhura alisema huo si mwandamo tena. Kwa hiyo tulipata nafasi moja tu kila mwezi. Ya kwanza ililiwa na mawingu, ya pili na moshi. Ya tatu anga lilikuwa safi kabisa, tukazuiwa na mikaratusi ya Baba.

Miti hiyo ilisimama mpakani, upande wa magharibi wa ua wa Bi Zuhura, na ndiyo iliyosababisha yeye na Baba wasiamkiane. Wazazi wa Baba walikimbia kutoka Burundi, naye alikulia kambini. Mwaka alipopata uraia alinunua kiwanja kile na kupanda mikaratusi kabla hata ya kuezeka nyumba. Bi Zuhura alipomwomba akate mitatu, Baba alikataa. Bi Zuhura, kwa hasira, akasema, "Kwani hii ni miti ya asili ya hapa? Imekuja tu!" Yeye alisema miti. Baba alisikia jingine. Aliingia ndani, na jioni ile hakula.

Baada ya ile jioni ya tatu nilirudi nyumbani nikilia. Baba alikuwa anaosha jembe. Nikamweleza yote: marehemu mume wa Bi Zuhura, macho yake, na jinsi alivyofunika darubini kwa kanga. Baba aliendelea kusugua jembe ambalo lilikuwa limeshatakata. Mwishowe akasema, "Mwambie aje atazamie huku kwetu. Huku hakuna mti."

Bi Zuhura aliusikiliza ujumbe huo, akaendelea kukunja kanga zake. Mwezi ukapita karibu wote, nikadhani amekataa. Lakini jioni ya kutazama mwezi wa Ramadhani alikuja, mimi nimebeba darubini, yeye ameshika bega langu. Alipofika mbele ya Baba akatoa salamu ya jioni kwa Kirundi cha kubabaisha, "Mwiriwe." Baba akashtuka. Kisha akainamisha kichwa akajibu kama watu wa pwani, "Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Siku ile nilisema vibaya."

"Yamekwisha. Odeta, lete kigoda."

Nikaanza kuhangaika na bomba, kushoto, kulia, juu, nikipata rangi ya machungwa tupu. Jua lilikuwa limeshazama. Bi Zuhura hakunihimiza, ila nilisikia kucha zake zikigonga kigoda. Ndipo Baba, aliyesimama nyuma yetu akijifanya hana habari, akasema, "Ule pale." Aliuona kwa macho matupu. Akaja, akashika bomba kwa mikono yake ya jembe, akalisogeza taratibu mpaka likatulia. "Tazama, mama. Usiguse."

Bi Zuhura aliinama. Akaweka jicho kwenye kioo, kisha akalitaja jina la mumewe, kwa sauti ndogo, kama anayemwita aje uani.

Sasa naishi Kasulu. Mwezi ukiandama, taarifa huingia kwenye simu kabla sijatoka nje, na ni ya uhakika kuliko darubini yoyote. Mwezi uliopita nilimsikia jirani yangu akikohoa siku tatu mfululizo. Siku ya nne nikachemsha chai ya tangawizi, nikaenda kubisha hodi. Akafungua mwanamke wa makamo, akadhani nimekuja kusoma mita ya maji.

"Hapana," nikamwambia. "Mimi ni jirani yako."

Nilikuwa nimekaa pale miaka minne.