Injinia kwa Shingo Upande

Nyumbani walimwita Injinia tangu akiwa bado anavaa sare ya shule, kabla hajajua hata kuwasha kompyuta. Jina alipewa na baba yake. Mzee alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili, mtu wa vidole vyepesi, aliyesifika kwa kuandika barua ndefu bila kutazama herufi. Kisha kompyuta zikaingia ofisini, na mpwa wa bosi akaletwa kuzitumia. Mzee akapewa mkono wa kwaheri, na ile mashine yake ya chapa akaambiwa aende nayo nyumbani kwa kuwa hakuna mwingine atakayeihitaji. Tangu hapo akaapa kwamba mtoto wake mmoja lazima akae upande wa wale wanaoiamrisha kompyuta, wasioondolewa nayo.

Watoto walikuwa wawili. Injinia ndiye mkubwa. Mdogo wake wa kiume walimwita Waya, kwa sababu tangu anaota meno hakukosa waya mkononi. Waya alifungua redio iliyokuwa imekufa, ikazungumza. Akafungua pasi iliyokuwa nzima, haikuwaka tena, akachapwa. Kama kuna mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kiapo cha mzee, basi ni yeye. Lakini mtihani wa hesabu ulimwangusha, na alipourudia ukamwangusha tena, maana alikuwa akisoma anachokipenda na kuacha anachoulizwa. Dada yake akafaulu. Alikuwa na kipaji kimoja tu na alikijua: ukimpa jambo, atalimaliza. Basi chuo akaenda yeye.

Watu waliokuja kumfahamu baadaye walipenda kumuuliza, kwa sauti ya huruma, alitaka kuwa nani hasa kabla baba yake hajamchagulia. Walitarajia aseme muuguzi, au mwimbaji. Ukweli ni kwamba hakukuwa na ndoto yoyote iliyozikwa mahali. Alitaka kazi, usingizi wa kutosha, na kukaa na watu wake bila kusumbuliwa. Jibu hilo halikumridhisha mtu, kwa hiyo akazoea kusema, "Mwalimu," nao wakatikisa vichwa kwa majonzi, wakaridhika.

Chuoni alisoma kama mtu anayekunywa dawa chungu. Anafumba macho, anameza, anangoja ladha iondoke. Alihitimu vizuri, akapata kazi katika kampuni iliyotengeneza mfumo wa ankara za maji. Kwenye usaili walimuuliza kwa nini anapenda kuandika programu. Akajibu kwamba anapenda kutatua matatizo. Alikuwa amemsikia mwenzake akilisema hilo kwenye benchi la kusubiria, akaliazima.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vigae. Kutwa nzima mashine ya kukatia vigae ililia chini yao, na vumbi jeupe lilipanda ngazi likatua kwenye kibodi. Ukutani mtu alikuwa amepaka rangi, kwa herufi kubwa: TUNAPENDA TUNACHOFANYA. Meza yake ilielekea hapohapo. Kazi yake ilikuwa kusaka hitilafu. Mteja amebadilishiwa mita, mfumo ukamtoza mara mbili. Mteja amehama, mfumo bado unamdai kwenye nyumba ya zamani. Alizitafuta hitilafu hizo taratibu, mstari kwa mstari, kama mama anayemtafuta mtoto chawa, na akizipata hazikurudi tena. Jioni alizima kompyuta, akaondoka.

Hilo la kuondoka ndilo lililomponza. Wenzake walikuwa wakibaki. Jumatatu walisimuliana programu walizoandika Jumapili kwa kujifurahisha, kisha wakamgeukia.

"Na wewe, wikendi ulifanya nini?"

"Nilifua."

Walicheka wakidhani ni utani. Mwisho wa kila mwaka meneja alimwita kumpimia utendaji, na kila mwaka maneno yalikuwa yaleyale.

"Kazi yako haina dosari, lazima niseme ukweli. Ila sikuoni ukiwaka."

"Sijakuelewa, meneja."

"Moto. Wenzako wana moto ndani. Wewe unafanya tu."

"Nitajitahidi."

Akishuka ngazi alijiambia kwamba yeye si jiko. Lakini alipofika chini maneno yale yalikuwa bado yanamuuma, kwa sababu kila mwaka mmoja wa wale waliokuwa wakiwaka alipandishwa cheo, na kila aliyepandishwa alimwachia yeye hitilafu zake za kusafisha.

Wakati huo Waya alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu nyuma ya posta. Alikuwa amejifunza kuandika programu peke yake, kwenye laptopu yenye kioo kilichopasuka, akifuata masomo ya mtandaoni kati ya mteja mmoja na mwingine. Jioni alipita kwa dada yake na maswali, dada mwenyewe akiwa bado anavua viatu.

"Dada, nielezee kitu kidogo tu."

"Kesho, mdogo wangu. Kichwa kimejaa."

"Jana ulisema kesho."

Dada hakuwa na nia mbaya. Alikuwa ameshinda siku nzima ndani ya mambo hayo na hakutaka kuyasikia tena nyumbani kwake. Lakini Waya alikwenda kumwambia mama yao, "Dada ananibania." Mama akayafikisha. Injinia yalimchoma hadi kwenye mifupa, maana hakuwa na kitu cha kubania. Angeweza, angelivua lile jambo lote kama koti akamvalisha.

Basi nafasi ilipotokea ofisini, na meneja akatangaza kwamba hataki vyeti bali anataka mtu mwenye moyo, alimpeleka mdogo wake mwenyewe. Waya akafanya jaribio. Walioketi kumsikiliza walitoka wakitabasamu kama watu waliotoka harusini. Akaajiriwa kwa mkataba wa muda mfupi, utakaoongezwa. Siku aliyoanza, mzee alishindwa kumaliza chakula kwa furaha.

Kwa Injinia, ile miezi ya mwanzo ndiyo pekee aliyowahi kupanda zile ngazi bila kujiburuta. Walikula pamoja mchana. Waya alimwonyesha mambo kwenye mfumo uleule aliokuwa akiusafisha miaka yote, akimwambia, "Hebu ona huyu aliyeandika hapa alivyokuwa na akili." Yeye aliona mistari tu. Lakini alipenda kumtazama anayeiona.

Kisha Waya akaanza kuwaka. Hakuna aliyemtuma, lakini aliandika sehemu mpya ya mfumo: matumizi ya mteja yakiruka ghafla, mfumo unahisi kwamba bomba limepasuka na kumtahadharisha kabla ankara haijamfikia. Ilifanya kazi. Idara za maji zikaipenda. Meneja akamsimamisha mbele ya kikao chote akamvika kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho, halafu akamgeukia Injinia. "Mtazame mdogo wako. Huu ndio moto ninaousema."

Siku hiyo mchana alimwambia Waya, "Sasa hivi wanakuhitaji. Omba mkataba wa kudumu."

"Dada, hapa watu hawaishi kwa makaratasi. Tuko kama familia."

"Familia ni mimi. Omba mkataba."

"Wewe kila kitu unakiona kama kibarua." Alisema kwa upole, kama mtu anayemhurumia kipofu.

Kibanda cha simu akakiacha, akagawa wateja wake. Siku za mapumziko alikuwa ofisini. Mke wake alimfuata Injinia nyumbani, akaketi bila kuvua mtandio.

"Wifi, nimekuja kukushtakia. Ndugu yako siku hizi anakuja nyumbani kuoga tu. Mtoto akimwita, anajibu kitu ambacho mtoto hakuuliza."

"Nitazungumza naye."

"Mlizungumza. Anasema wewe huelewi kwa sababu huipendi kazi."

Injinia aliinuka akabandika maji. Alimkaribisha chai.

Kampuni iliuzwa mwaka uliofuata. Meneja ndiye aliyetangulia kuondoka, akaaga kwa hotuba kuhusu ndoto na safari, na baadaye wakasikia amepata cheo kwingine. Wanunuzi walikuwa watu wa maneno machache. Waliuliza mambo mawili: nani ana mkataba wa kudumu, na nani anaujua mfumo wa zamani hadi kwenye uvungu. Hawakuuliza nani anawaka. Waya aliitwa kwenye chumba cha mikutano asubuhi, akatoka na bahasha. Akapita kwenye meza ya dada yake.

"Wewe umebaki?"

"Nimebaki."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa saa. Akachukua kikombe chake na chaja ya laptopu, akashuka. Chini mashine ya vigae haikunyamaza hata kidogo.

Alikaa nyumbani kwake siku nyingi, amelala mchana akitazama ukuta. Injinia alikwenda kumwona. Wifi yake akawaachia chumba. Njiani alikuwa ametafuta maneno ya kumfariji, na yale aliyoyapata ndiyo yaliyokuwa ya kweli kuliko yote aliyokuwa nayo. Akayatoa.

"Waya, nikuambie jambo. Ile kazi hata mimi siipendi. Sijawahi kuipenda, hata siku moja. Hukupoteza kitu kikubwa."

Waya hakugeuka.

"Hilo ungelimeza tu, dada."

"Nilitaka kukupunguzia."

"Ungeniambia unaipenda, ningesema sawa, amebaki mwenye haki yake. Sasa unaniambia nimefukuzwa mahali ambapo wewe umekaa kwa shingo upande."

"Mimi sikuomba kubaki."

"Najua. Hujawahi kuomba chochote. Chuo hukuomba, kazi hukuomba. Unapewa tu." Ndipo akageuka, macho makavu. "Mimi niliomba kila kitu."

Injinia alitoka pale akiwa amesahau mwavuli wake, na hakurudi kuuchukua.

Watu walidhani Waya atarudi kwenye simu. Hakurudi. Vifaa vyake vya kufungulia simu, zile bisibisi ndogondogo na koleo, alivigawa kwa fundi wa jirani. Akapata kazi kwenye ghala la saruji, kuhesabu mifuko inayopakiwa kwenye malori. Redio ya mama yao ilipoharibika, mama alimpelekea. Akamwambia anunue nyingine, siku hizi zinauzwa kila mahali. Mama alirudi nayo kwapani, akaiweka mezani, akaifunika kitambaa. Mzee naye alisema kijana hatulii, hajui kung'ang'ania jambo, laiti angemwiga dada yake.

Dada yake alikuwa aking'ang'ania. Wenye kampuni walikuwa na mfumo wao wa kuhisi mabomba yaliyopasuka, wakataka ule wa Waya uondolewe, na anayejua kuuondoa bila kubomoa mengine alikuwa mmoja tu. Kwa hiyo ndiye aliyeifungua kazi ya Waya, na kwa mara ya kwanza akaisoma yote, kwa sababu huwezi kuondoa kitu usichokielewa. Alielewa. Ilikuwa imeandikwa kwa namna ambayo hata yeye, asiye na jicho hilo, aliona kwamba mwandishi alikuwa akifurahi. Alikwenda msalani, akanawa uso, akarudi. Akaiondoa kipande kwa kipande, akijaribu mfumo baada ya kila kipande. Hakuna kilichoharibika. Bosi mpya alimwandikia maneno mawili, "Kazi safi," na muda si mrefu akamfanya mkuu wa kitengo.

Mzee alipopata habari aliita watoto wote nyumbani. Waya alikuja na mkewe na mtoto, akiwa na vumbi la saruji kwenye nywele. Walikula vizuri. Mzee alizungumza peke yake, akieleza jinsi wale mawakili wangejisikia leo kama wangekuwa hai. Alipotulia kutafuna, Waya aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Ile sehemu yangu ya mabomba, bado ipo?"

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa dada yake tangu ile siku chumbani.

"Ipo," Injinia akasema.

"Haisumbui?"

"Haijawahi kusumbua." Hilo angalau lilikuwa kweli.

Waya akaendelea kula. Mkewe alimtazama Injinia, kisha akamsogezea mtoto bakuli. "Unaona?" mzee akasema, akimgeukia mwanawe wa kiume. "Mwenzako anaitunza. Wewe ungekaza moyo kidogo tu, saa hizi mngekuwa wawili pale."

Baadaye, Waya na familia yake walipokwisha kuondoka, mama alikuwa akiosha vyombo na Injinia akivifuta.

"Umeiondoa. Nimekuona usoni," mama akasema.

"Niliambiwa niiondoe."

"Na umemwambia ipo."

"Ndiyo."

Mama aliisuuza sahani, akaitazama kama imetakata. "Labda ni afadhali," akasema. Akaichovya tena majini. "Sijui. Labda siyo."

Injinia akafuta vilivyobaki, akavipanga kabatini, akaondoka mapema. Kesho yake ilikuwa kazi, na sasa yeye ndiye aliyepaswa kuwapimia wenzake utendaji. Wa kwanza kwenye zamu alikuwa msichana aliyeanza juzijuzi, mwenye kazi isiyo na dosari, ambaye kila jioni alizima kompyuta akaenda zake. Kwenye fomu palikuwa na swali kuhusu moyo wa kazi. Injinia alimtazama, akamuuliza kama ana mkataba wa kudumu.

"Sina," msichana akasema.

"Tuanzie hapo," Injinia akamwambia, na lile swali lingine akaliacha wazi.