Shida Husemwa Mlangoni

Ofisi yetu iko Kizingo, kwenye nyumba kubwa yenye ua, na kazi yetu ni kusaidia familia zinazolea mayatima. Mimi ndiye huzunguka Mji wa Kale, maana nimezaliwa huko na ningali naishi huko, ghorofani, kwenye nyumba ya marehemu mama. Niko peke yangu. Ndugu zangu wote wako Uarabuni, hupiga simu Ijumaa wakikumbuka.

Mwaka juzi tuliletewa utafiti. Mtafiti alikuwa binti wa bara, mpole, mwenye adabu zake, aliyepita nyumba hadi nyumba kuuliza watu wana shida gani. Matokeo yakasema Mji wa Kale hakuna haja kubwa, msaada uhamishiwe kwengine. Wallahi nilipandwa na hasira. Kati ya watakaoondolewa alikuwamo nyanya mmoja wa kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, analea wajukuu wawili wa kike, na bila ule unga na ile karo watoto wale shule basi tena. Nilijua alijibu nini alipoulizwa. Alijibu alhamdulillahi, hatujambo. Ala, angejibu nini? Mgeni ameketi mkekani kwako, umemmiminia kahawa, kisha umwambie jana mlilala na njaa? Aibu hiyo utaiweka wapi?

Mkutanoni nilisema bila kuremba kwamba kwetu shida haisemwi mgeni akiwa ameketi. Husemwa mlangoni, akishainuka. Wakubwa walicheka kidogo. Yule binti hakucheka. Alisema kama ni kweli basi jambo hilo laweza kupimwa, akaomba turudie zile nyumba sote wawili kabla uamuzi haujapitishwa.

Tukarudia. Kwa nyanya tulikunywa kahawa, tukaulizana hali za jamaa wote, walio hai na waliotangulia. Kila swali likajibiwa alhamdulillahi. Tukaaga. Binti alikuwa ameinama kizingitini anatafuta viatu vyake, na nyanya ameshika komeo, ndipo akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama yeyote, kwamba wajukuu huenda shule kwa zamu, leo huyu, kesho yule, kwa kuwa sare ni moja. Binti akabaki vile vile ameinama, kiatu mkononi.

Ikawa hivyo karibu kila nyumba. Watu husema nyumba njema si mlango, nami siwapingi, lakini siku zile mlango ndio uliotueleza ya ndani. Ripoti ikaandikwa upya, nyanya akabaki kwenye msaada, na ofisi ikakubali kwamba kila familia iwe na mgeni wake mmoja, arudi yeye yule, asiondoke mbio.

Kisha binti akarudi kwao bara. Sikujua nimemzoea kiasi hicho. Nikawa napita vichochoro peke yangu tena, kutwa nauliza watu hali zao, na jioni nikipanda ngazi hapana wa kuniuliza yangu. Chakula nilikuwa nakila jikoni, nimesimama, maana kujitandikia mkeka mtu mmoja naona ni kichekesho. Upweke ule ulinitafuna, lakini nimwambie nani?

Sare ya pili ilipopatikana niliipeleka mwenyewe. Wasichana waliipokea kwa furaha wakakimbilia ndani kuijaribu. Nyanya akanimiminia kahawa, akaniuliza kwangu kukoje. Nikamjibu alhamdulillahi, kwema kabisa, nikauliza habari za goti lake. Tukazungumza ya goti mpaka kahawa ikaisha.

Nikaaga. Kizingitini nilikuwa nimeshavaa kiatu kimoja, nikainama kuchukua cha pili, na nyanya akaweka mguu wake juu yake.

"Umeshafika mlangoni, mwanangu," akasema. "Haya, sema."