Mgeni wa Chumba Namba Saba

Jirani yetu wa Bigwa, Yustina, alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli moja karibu na stendi ya Morogoro kwa miaka kumi na minne. Hakujua kusoma. Wageni aliwajua kwa nguo zao, maana ndiye aliyezifua, na kila nguo aliitafutia mazungumzo.

"Dada Yustina, hata shati unaliuliza ukoo?" Stambuli wa mapokezi alimtania.

"Shati halijishoni. Wewe kaa na kitabu chako cha waongo."

Hakukosea. Ilikuwa 1994, biashara imefunguliwa, na wauza mitumba waliojaza vyumba vile waliandika majina ya kubuni kwenye kitabu cha wageni: huyu akimkwepa mke, yule akiogopa wezi wa mizigo. Mwenye hoteli naye, kwa hofu ya wezi haohao, alikuwa ametia nondo madirishani.

Moto ulianzia stoo ya mafuta ya jenereta, Jumanne mchana, wageni wakiwa wamejipumzisha. Wengi waliuawa na moshi, mikono imeshika nondo. Walikufa tisa. Kitabu kilinusurika, lakini majina yake hayakuwa na ndugu. Ikatangazwa kwamba watakaokuwa hawajatambuliwa hadi Ijumaa watazikwa kaburi moja.

Jumatano asubuhi Yustina aliingia mochwari mwenyewe, bila kutumwa.

"Mwenye kitenge hiki kwao Ifakara, mumewe anatengeneza baiskeli," alimwambia karani. "Huyu wa koti, Kilosa. Ana mapacha."

Karani akaandika, simu zikapigwa. Hadi jioni wanane walikuwa wamepata kwao. Akabaki wa chumba namba saba, aliyejiandikisha Juma Ali. Shati lake lilizibwa kwapani kwa uzi wa kijani. "Kazi ya mama hiyo," mgeni huyo alikuwa amemwambia Yustina alipoletewa shati limefuliwa. "Ana cherehani Turiani."

Alhamisi Yustina alikwenda Turiani na kipande cha shati lile chenye uzi ule, alichokatiwa mochwari, akiwauliza mafundi mmoja mmoja. Wa nne alikuwa bibi mmoja, Kristina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akakigeuzageuza kile kipande, akasikiliza habari yote. "Uzi ni wangu. Lakini nimewashonea wengi, na mwanangu ni Anselmi, si Juma." Akashika tena mkasi wake. "Huyo wako, mchana ule alikuwa amekula?"

Miaka mingi nimelifikiria jibu lile. Mwingine angemfariji mzazi: ndiyo, alishiba. Yustina alisema alichokiona.

"Hapana, mama. Nilimpelekea wali, akasema niuache mezani upoe, yeye alale kidogo."

Bibi Kristina aliweka mkasi chini.

"Ndiye. Tangu mdogo hali chakula cha moto."

Akajifunga kanga, akaita majirani. Usiku haukuingia kabla hawajafika Morogoro kumchukua. Ijumaa saa nne gari la maziko lilikuja mochwari, likarudi tupu.