Siagi ya Jumatano

Jumatano jioni Aregash alitoka kazini hoi, akakoroga unga wa dengu chapuchapu, na mchuzi wa shiro ukawa tayari watoto wakiwa bado wanagombania viti. Alikuwa keshatia siagi kwa mazoea alipokumbuka kuwa Jumatano kanisani kwao ni siku ya mfungo, na chochote cha mnyama, hata siagi, ni mwiko. Unga mwingine hakuna. Akaupakua hivyo hivyo.

Mama mkwe wake, ambaye tangu utotoni hajavunja mfungo hata mmoja, akalamba vidole.

“We mtoto, umetia nini humu?”

“Kitunguu tu, mama.”

“Na mimi ninavyokusengenya kwa majirani kwamba hujui kupika! Nisamehe, mwanangu.”

Akamega mkate laini wa injera, akakunja tonge nono, akamsogezea mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Aregash akafungua mdomo ili aungame, tonge likamtangulia.